Neno la Siri la Gitaa

Mchafukoge, Dar es Salaam
14 Januari 2024

Mdogo wangu Kasmir,

Tumsifu Yesu Kristo. Naanza hivyo ili mlezi wako akipitisha macho aone kuwa dada yako si mpagani. Nilizoea kukuandikia kwa simu, maneno matatu na picha ya kucheka, sasa unovisi wenu huko monasterini umetunyang'anya simu yako na mimi nashika kalamu kama karani wa zamani. Mkono umeshaanza kuuma na bado sijasema lolote.

Sisi hatujambo. Mama hajambo, ila goti linamsumbua, na kwa kuwa tunakaa ghorofa ya tatu, goti linatajwa humu ndani kuliko jina lako. Jina lako nalo halijalala. Jumapili baada ya misa aliwasimamisha akinamama wa jumuiya nje ya kanisa akawaonyesha kitambaa cha sare ya siku yako ya nadhiri. Septemba bado iko mbali, lakini kitambaa kimeshanunuliwa Kariakoo na kimeshapelekwa kwa Mwanne, fundi wetu wa chini. Mwanne ni Mwislamu na nadhiri za kimonaki hazijui, lakini anasema shughuli ni shughuli, ameshaanza kukata.

Haya, lililonifanya niandike. Unajua tangu uondoke magitaa yote ninayowekea kwaya humu studio kwetu yanatoka kwenye kompyuta, kwa ile programu tuliyonunua mwezi mmoja kabla hujaingia huko. Nabonyeza kinanda, linalia gitaa. Halichelewi mazoezini na halimalizi maandazi. Lakini akinamama wa kwaya wanachelewa kuingia. Nawapa hedifoni, muziki unaanza, gitaa linabadilika, na wao wanabaki midomo wazi mpaka nusu ya neno imepita. Elimringi, mwalimu wao, amewahesabia, amewapigia meza, mpaka amewanunia. Hakuna kilichosaidia. Mwisho mama mmoja wa sauti ya kwanza akasema, "Gitaa la Kasmir lilikuwa linatuita. Hili halituiti."

Nikarudi kwenye rekodi zako nikasikiliza vizuri. Kasmir, ulikuwa unajua kwamba vidole vyako vinakwaruza? Kila ulipohamisha mkono kwenye shingo ya gitaa, vidole viliteleza kwenye zile nyuzi nene vikatoa mlio mdogo, kwii, kabla tu ya sauti yenyewe. Pale ndipo walipokuwa wanavuta pumzi. Miaka yote hiyo kwaya nzima imekuwa ikiingia kwa kasoro ya vidole vyako, na hakuna aliyewafundisha. La kwenye kompyuta ni safi mno. Linabadilika ghafla kama mtu anayeingia ndani bila hodi.

Nimekwenda kwa Jeet, yule wa duka la kompyuta la kona. Akanisikilizisha toleo jipya la programu ileile kwenye spika za dukani. Lina mkwaruzo, na unachagua uwe mwingi au kidogo. "Sister, hii mpya ina vidole kabisa," anasema. "Ukitaka unaweza hata kumfanya jamaa awe mvivu." Mwenye toleo la zamani anapunguziwa bei, ila lazima aingie kwenye akaunti yake. Akaunti ni yako, kwa barua pepe yako. Kwa hiyo nitumie neno la siri. Mengine hata usipoyaandika nitakusamehe.

Dada yako,
Angelina


Namkwele, Masasi
25 Februari 2024

Dada Angelina,

Shikamoo. Milele, amina. Barua yako ilifika mapema, lakini ruhusa yangu ya barua moja kwa mwezi nilikuwa nimeshaitumia kumwandikia Paroko, kwa hiyo nimesubiri. Samahani kwa hilo.

Mimi ni mzima. Nimehamishwa kutoka bustanini, sasa nahudumia nguruwe, na asubuhi napiga kinanda kanisani wakati wa masifu. Gitaa hapa halipigwi. Chakula kinatosha. Padre Severini, mlezi wetu, ni mtu mpole, anacheka kwa urahisi. Ukimya ni mwingi. Wenzangu wanasema baada ya mwaka mtu anaanza kuusikia kama rafiki. Nafikiri kila mtu ana mwaka wake.

Kuhusu toleo jipya, nakushauri usiharakishe. Kwanza, matoleo mapya huwa na makosa miezi ya mwanzo, ni vizuri wengine wateseke nayo kabla yako. Pili, kompyuta yetu ina memori ndogo. Gitaa la kawaida linabeba sauti chache, lakini likishawekewa mikwaruzo na vidole na pumzi, kila wimbo utakuwa mzito, utakwama katikati ya kurekodi na akinamama watachoka kurudia. Tatu, nyimbo za zamani tulizozihifadhi zinaweza kufunguka vibaya kwenye toleo jipya. Fungua pia kifuniko cha pembeni upanguse vumbi kwenye feni, kwa brashi kavu, usitumie kitambaa.

Kuna njia nyingine. Chukua gitaa langu nyuma ya kabati, kwaruza nyuzi nene kwa kidole, rekodi huo mlio, halafu uupachike mwenyewe kabla ya kila badiliko. Ni kazi ya mkono lakini haihitaji kununua kitu. Ukipachika, uweke karibu sana na sauti, usiuache uning'inie.

Sikujua kama nilikuwa nakwaruza. Tangu nisome barua yako nimekuwa nikitazama vidole vyangu. Sugu zimeshalainika, zimebaki za koleo tu.

Kazi zimepungua sana? Kuna kwaya nyingine zimelalamika? Niambie ukweli, usinifiche kwa kunionea huruma. Kama mambo ni magumu mimi napenda kujua.

Mwambie Mama nashukuru kwa sare. Mwambie asijichoshe.

Mdogo wako,
Kasmir


Mchafukoge
7 Aprili 2024

Kasmir,

Marahaba. Kristo amefufuka na sisi tumelowa. Masika yameshuka kwa hasira mwaka huu. Jangwani hakupitiki, na Mama alikwama Kigamboni kwa mama mdogo tangu Jumatatu ya Pasaka. Aliporudi, alishuka pantoni pale Magogoni akapanda bajaji na kufika hapa viatu mkononi, akimlaumu mama mdogo kwa mvua. Goti limepona kwa sababu amepata la kugombea.

Umenieleza memori, umenieleza makosa ya matoleo mapya, umenieleza mpaka aina ya brashi. Neno la siri hukuandika. Umesahau kuliandika au umelisahau lenyewe?

Nimefanya ulivyosema, usije ukasema dada yako mbishi. Nimelitoa gitaa lako, nimekwaruza nyuzi mpaka kucha imekatika, nimerekodi asubuhi kabla machinga hawajawasha vipaza sauti vyao huko chini, kisha nikakaa siku mbili nikipachika mikwaruzo kwenye wimbo mmoja. Nikajisifu. Jumamosi wakaja. Tatizo ni kwamba nilipachika kila gitaa linapobadilika, hata pale ambapo kwaya inatakiwa inyamaze gitaa lipige peke yake. Waliposikia mkwaruzo wakaingia. Sauti ya nne yote, wazee wanne na heshima zao, wakaingia na "Aleluya" katikati ya solo, wakaendelea mpaka mwisho wa ubeti kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha. Elimringi alivua miwani akaifuta muda mrefu. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha walipoondoka sikucheka tena.

Nikuambie ukweli kama ulivyoomba. Kwaya inataka kurekodi nyimbo za jubilei ya parokia, nyimbo zote, na Elimringi amenipa mpaka mwisho wa Mei. Nisipowatengenezea gitaa linalowafaa wataenda studio moja ya Sinza. Hakusema kwa ubaya. Alisema amesimama nami mwaka mzima na akinamama wanaanza kujiona wao ndio wabovu. Hilo ndilo lililoniuma. Wanajiona wabovu, na wao wanaimba vilevile.

Memori Jeet ameongeza. Kompyuta sasa inakimbia. Kwa hiyo sababu yako ya pili imekufa, ya kwanza inazeeka, na ya tatu nitapambana nayo mwenyewe.

Neno la siri, Kasmir. Liandike kwenye kipande cha karatasi, liweke kwenye bahasha, mpe yeyote anayekuja Dar.

Dada yako,
Angelina


Namkwele
12 Mei 2024

Dada,

Shikamoo. Natumaini mvua zimekatika na Mama ni mzima. Huku baridi ya asubuhi imeanza. Mmoja wa wanovisi wenzangu ameondoka mwezi uliopita. Alikwenda kimya, asubuhi kiti chake kilikuwa wazi mezani na hakuna aliyesema kitu.

Neno la siri nimelisahau. Nimejaribu kulikumbuka, halinijii.

Nimefikiri sana kuhusu akinamama wa kwaya. Labda hili jambo linatuambia kitu. Labda kuna kazi ambazo mashine haiziwezi na wala haifai kuzilazimisha. Wamezoea mkono wa mtu. Huwezi kumnunulia mtu vidole.

Nina ombi. Mwandikie Padre Severini, kwa jina lake, barua fupi. Mweleze kwamba kazi ya familia inakufa, kwamba baba hayupo, kwamba Mama anategemea hiyo studio na wewe peke yako huwezi. Mambo kama hayo wanayaelewa hapa. Mtu anaweza kuruhusiwa kwenda kusaidia nyumbani, na watu wa parokia pia wanaelewa, hakuna anayemlaumu mtu aliyerudi kusaidia mama yake. Usimwambie Mama kwanza. Andika kabla ya Juni kwisha, maana Julai wanaanza kuwaandaa watu wa nadhiri.

Na hilo toleo jipya liache kwa sasa. Nakuomba.

Kasmir


Mchafukoge
16 Mei 2024

Mdogo wangu,

Sijapata jibu la barua yangu ya Aprili, huenda liko njiani au uko kwenye mafungo. Siwezi kusubiri, nina furaha mno, acha nikuandikie tu.

Nilikwenda kwa Jeet nikamwambia mwenye akaunti yuko monasterini na hajibu. Akaniuliza, "Laini yake ya simu iko wapi?" Maana kumbe ukisahau neno la siri wanatuma namba kwenye simu, unatengeneza jipya. Laini iko kwenye simu yako, na simu yako iko kwa Mama. Nikapanda kumwomba. Nilijua imeshakufa, imekaa karibu mwaka mzima kabatini. Mama akaitoa chini ya mashuka, imeviringishwa kwenye kanga yake ya Pasaka, nikaibonyeza ikawaka. Chaji imejaa. Nikamuuliza, "Mama, hii unaichaji?"

"Kila Jumapili nikitoka misa," anasema. "Simu ikikaa bila chaji inaharibika."

"Sasa anaitumia nani?"

"Si nimekwambia inaharibika." Akafunga kabati.

Namba ikaingia, nikatengeneza neno la siri jipya. Sikufungua kitu kingine chochote kwenye simu yako, naapa. Toleo jipya likapakuliwa kuanzia misa ya kwanza mpaka jioni, umeme haukukatika, jambo ambalo wewe kama mtu wa sala unapaswa kulihesabu kuwa muujiza.

Kasmir, ungelisikia. Nikaanza na mkwaruzo mdogo, nikauongeza kidogokidogo huku nasikiliza rekodi yako kwenye sikio la pili, mpaka nikafika mahali ambapo sikujua ni sikio lipi lina wewe. Kisha nikakumbuka kuwa wewe huwa unachelewa kidogo ukipanda juu, nikalichelewesha. Jumamosi wakaja kumi na wanane. Sikuwaambia kitu. Gitaa likakwaruza, wakavuta pumzi wote kwa pamoja, wakaingia. Nililia, nikasingizia vumbi la Kariakoo. Elimringi akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Huyu anapiga kama Kasmir, tofauti huyu amefika saa aliyoambiwa." Tumerekodi nyimbo tatu siku hiyohiyo. Ya Sinza yamekwisha. Na kwaya mbili nyingine, moja ya Upanga, zimeuliza nafasi.

Kwa hiyo nakutoa wasiwasi. Najua ulikuwa unatufikiria, barua zako zote zimejaa kompyuta. Usitufikirie tena. Kazi inakwenda bila wewe, nalisema kwa upendo. Sali kwa amani, Septemba tutakuja na sare zetu tukutie aibu mbele ya Abate.

Angelina anayekupenda


Mchafukoge
2 Juni 2024

Kasmir,

Barua yako ya Mei imefika wakati yangu imeshaondoka. Mama alikuwa amekaa hapa jikoni, akaniomba nimsomee. Nikamsomea salamu na baridi ya asubuhi, nikamwambia yaliyobaki ni mambo ya kompyuta. Akasema, "Mtoto huyu na kompyuta." Akaendelea kuchambua mchele. Ni mara ya kwanza namsomea mama yangu barua nusu na sijapenda.

Nimekasirika, kwa hiyo naandika kifupi.

Siwezi kumwandikia padre kwamba kazi yangu inakufa. Haifi. Nimehangaika nayo miezi mitano, nimeombea umeme, nimekatika kucha, nimewabembeleza watu wasiende Sinza, na wewe muda wote huo ulikuwa unaomba isimame ili upate la kusema. Neno la siri hukulisahau. Wewe uliyekuwa unakumbuka nyuzi alizokata kila mpiga gitaa wa Ilala huwezi kusahau neno la siri.

Sasa nakuuliza, nijibu bila memori na bila feni. Unataka kutoka huko?

Kama unataka kubaki, baki, tutakuja. Kama unataka kutoka, toka. Lakini usitoke kwa jina langu. Siku Mama atakaponiuliza kwa nini mwanawe karudi, sitaki kumtazama usoni na kusema ni kwa sababu yangu.

Angelina


Namkwele
21 Julai 2024

Dada Angelina,

Shikamoo. Umengoja sana jibu, na najua umengoja kwa hasira. Ruhusa ya Juni nilikuwa nayo. Nilikaa na karatasi mbele yangu mpaka kengele ikalia, nikairudisha tupu.

Ndiyo. Nataka kutoka.

Barua zako mbili nilipewa siku moja, mhudumu wa posta alikuwa amezichelewesha pamoja. Nilianza na ya furaha. Nilipofika pale walipovuta pumzi wakaingia wote, niliumia, na siwezi kukuficha. Nilidhani nitafurahi kwa ajili yako. Badala yake nilihisi kama nimekuja nyumbani nikakuta mtu mwingine amekaa mahali pangu anakula, na hata hajanifanyia ubaya. Kisha nikasoma ya pili.

Nitakueleza ilivyokuwa. Baba alipofariki, Mama hakucheka mwaka mzima, unakumbuka. Mimi nilikuwa nimenyamaza tu kwa sababu sikuwa na la kusema, Paroko akaniona nimenyamaza, akasema mbele ya Mama, "Huyu ana wito." Mama akatabasamu. Siku hiyo mimi ningekubali hata kuwa askari. Sikusema uongo, nilidhani kama jambo linamfurahisha Mama hivyo basi huenda ni la Mungu. Nimekaa hapa nikisubiri niusikie huo wito. Wenzangu wanausikia, naona nyuso zao wakati wa sala, siwaonei wivu lakini naona. Mimi wakati wa sala nasikia tenzi namna zinavyopangwa, besi inaingia wapi, nani amechelewa. Kisha nawaza sare. Nawaza Mama amesimama nje ya kanisa na kile kitambaa. Nikikosa usingizi sioni Mungu wala shetani, naona akinamama wa jumuiya wameshavaa na mimi sipo.

Ndiyo maana nilitaka sababu ambayo hata mtu wa mtaani angeikubali. Kijana amerudi kusaidia nyumbani. Nilishikilia neno la siri kwa sababu hiyo, na ulivyosema ni kweli, niliomba kazi yako isimame. Nisamehe kwa hilo. Limenisumbua kuliko mengine yote.

Baada ya barua yako nilikwenda kwa Padre Severini nikamweleza bila kuweka dada wala gitaa. Nilitegemea atasikitika. Akaniuliza tu kama ninalala vizuri. Nikamwambia hapana. Akasema alijua tangu Krismasi, ila kazi yake si kumtoa mtu, ni kumngoja aseme. Ninaondoka hapa mwezi wa nane tarehe kumi, kwa amani, wamenipa baraka.

Akaniambia jambo moja: Mama asilisikie parokiani. Nimejaribu kumwandikia na kila nikiandika "Mama mpendwa" nasimama hapo. Nakuomba umsomee barua hii. Yote, usiruke kitu, hata pale pa Paroko. Najua nakupa mzigo wangu tena na juzi tu umeukataa. Safari hii ni wangu kweli, nakuomba unisaidie kuushika upande mmoja.

Kasmir


Mchafukoge
4 Agosti 2024

Mdogo wangu Kasmir,

Marahaba. Natumia mtu wa basi, nimempa na soda ili barua hii ikufikie kabla ya tarehe kumi.

Nimemsomea. Nilimkalisha kitandani kwake mchana, nikafunga dirisha kwa sababu huko chini walikuwa wanatangaza mashuka, nikasoma kutoka shikamoo mpaka mwisho. Sikuruka kitu. Nilipofika pale pa Baba, nikaishusha karatasi, akasema, "Soma." Nilipofika pa sare, akageuka akatazama ukuta. Nilipomaliza akanyoosha mkono. Akaomba barua, akaishika, unajua bila miwani haoni, akaikunja akaiweka kifuani ndani ya gauni, akalala.

Siku mbili hakuzungumza nami isipokuwa ya chumvi na ya ufunguo. Niliogopa, sitakudanganya. Nilikuwa nimeshaanza kujilaumu kwamba ningekuandikia tu ule uongo wako yangeisha vizuri. Siku ya tatu jioni jumuiya ilikuwa kwetu, zamu yetu, akinamama wameshakaa kwenye mkeka, chai imemiminwa. Mama akasimama na goti lake. Akasema, "Mwanangu Kasmir anarudi nyumbani. Hajafukuzwa, hajaiba, hajampa mtu mimba. Ameona si kazi yake, amesema. Mwenye neno aniambie mimi, asimsubiri yeye ngazini." Akakaa. Mama mmoja akaomba sukari, na rozari ikaanza. Sare zimeshashonwa, watazivaa sikukuu ya mtakatifu somo wa jumuiya, wamekubaliana wenyewe.

Walipoondoka nikaosha vikombe, akaja nyuma yangu. Akaniuliza, "Hivi ni kweli nilitabasamu?" Nikamwambia ndiyo, Mama, ulitabasamu. Akasema, "Nilikuwa namtabasamia yeye, si Paroko." Kisha akalia, na mimi nikalia, mikono yangu ina sabuni. Nakuandikia hili kwa sababu uliniambia nisiruke kitu, na nimeona na upande huu nisiruke.

Sasa yangu mimi. Nimekusamehe la neno la siri. Karibu nyumbani. Lakini tuelewane: gitaa la kwaya limepata mpigaji, na simwondoi. Watu wamelizoea na kazi za watu ziko katikati. Ukija usikae nyuma yangu unatazama skrini ukivuta pumzi ndefu. Utatafuta kazi, kama ni humu studio basi kwa kuomba kama wengine, kama ni kwingine sawa. Elimringi anauliza kama unaweza kuimba sauti ya tatu, nimemwambia akuulize mwenyewe. Nalisema hili mapema ili siku utakayopanda ngazi hizi ujue hakuna aliyekuita kuja kuokoa kitu. Unakuja kwa sababu hapa ni kwenu, na nimefurahi. Nimefurahi sana, Kasmir. Nilikukosa hata siku zile nilizokuwa najisifu kwamba sikukosi.

Andika basi gani unapanda. Mama anasema hatakuja stendi, goti, ila tangu asubuhi ameshaniuliza mara kadhaa stendi inafikiwa na gari gani. Na ameniagiza nikuulize leoleo, kabla sijafunga bahasha, kama huko mlikuwa mnalala na chandarua, maana chako cha hapa kimechanika na anataka kwenda kununua kingine kabla hujafika.

Dada yako,
Angelina